Mashine ilinyamaza kwenye kona: je, bikoni haipo?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina kiwanja Utange, Kisauni, hamsini kwa mia, nilichoachiwa na marehemu baba. Ua wa michongoma ulikatwa, na sasa jirani wa nyuma anataka kuanza ukuta. Namwambia anaingia kwangu, naye ananijibu nimwonyeshe bikoni, zile alama za mpaka zinazowekwa kwenye kona za kiwanja. Za barabarani zote mbili zinaonekana, za nyuma hazionekani. Mtoto wa dada yangu ana mashine ya kutafutia pete na pesa ufukweni pale Pirates, akaja nayo. Tulizunguka kona ya nyuma kushoto mpaka tukachoka, mashine kimya. Katikati ya kiwanja ikalia, tukafukua sarafu ya zamani yenye tundu. Jirani akacheka, akasema hata mashine imeshahukumu kwamba hakuna bikoni. Je, ni kweli? Na tukinunua mashine nzuri zaidi tutaipata?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Jirani yako amecheka mapema. Mashine haikusema kwamba bikoni haipo, kwa sababu haikuulizwa habari za bikoni. Ushahidi wa hilo mnao wenyewe, ni ile sarafu.

Watu wanaotembea na mashine ufukweni wanatafuta dhahabu, fedha na shaba. Adui yao ni chuma: misumari, vizibo vya soda, ndoana, vipande vya waya. Mtu akisimama kwa kila msumari pale Pirates, jioni itamkuta hajapiga hatua ishirini. Kwa hiyo jambo la kwanza anaponunua mashine ni kuipanga ipuuze chuma. Sasa bikoni ni nini? Katika viwanja vingi vilivyopimwa, ni kipande cha nondo kilichosimamishwa ndani ya saruji. Kijana wako amepita na mashine iliyoagizwa isijali chuma juu ya kitu ambacho metali yake yote ni chuma. Ilinyamaza kwa utiifu. Ilipokutana na sarafu ya shaba ikalia, kama ilivyofundishwa. Kwa mpangilio ule mngeweza kupita juu ya nondo yenyewe siku nzima msisikie kitu.

Inafaa uelewe mashine inafanya nini, maana ukielewa hutadanganywa na muuzaji wala na jirani. Ndani ya ile sahani ya chini kuna nyaya zilizozungushwa. Umeme unapita humo ukigeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na kuzunguka sahani kunakuwa na uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta metali, unazusha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayojizungusha. Mikondo hiyo nayo inazaa uga wake mdogo, na kuna nyaya nyingine ndani ya sahani zinazousikiliza. Jibu linarudi likiwa limechelewa kidogo, na kuchelewa kwake hutofautiana: shaba na fedha zinajibu kwa namna moja, chuma kwa namna nyingine kwa sababu chenyewe kinavutwa na sumaku. Mashine inasoma tofauti hiyo na kuigeuza kuwa sauti au namba kwenye kioo. Hapo ndipo kuchuja kunapowezekana. Lakini kuchuja ni kukisia. Kile kipete cha kufungulia kopo la soda na pete nyembamba ya dhahabu hutoa namba zinazokaribiana sana, ndiyo maana wachumaji wa ufukweni hurudi nyumbani na mifuko ya takataka.

Na ifahamike kwamba mashine hii husikia metali tu. Mfupa, kigae, noti, almasi, kigingi cha mti, vyote kwake ni kama havipo. Kumbuka hilo la kigingi, nitalirudia.

Basi, kabla ya kununua chochote, mrudishe kijana na mashine yake ileile. Karibu kila mashine ya aina hiyo ina mpangilio wa kusikia metali zote bila kuchuja, na maandishi yake huwa kwenye kitufe au kwenye orodha ya kioo. Aweke hapo. Kisha msiende kwenye kona iliyopotea. Nendeni kwanza kwenye bikoni ya barabarani inayoonekana.

Hili watu wengi hawalifanyi, na mimi naliona ndilo lenye faida kuliko yote. Una bikoni mbili ambazo unazijua. Pitisha sahani juu ya moja, polepole, kulia na kushoto. Sikiliza inalia vipi na namba ipi inatokea. Halafu inua sahani kidogo kidogo, sentimita tano, kumi, kumi na tano, mpaka sauti ipotee. Kimo hicho ndicho kipimo chako cha kweli cha mashine hiyo kwa nondo ya aina hiyo, na hakuna maelezo ya kwenye boksi yatakayokupa ukweli zaidi ya huo. Usishangae kikiwa kifupi. Sarafu iliyolala bapa, mashine ya kawaida huisikia mpaka kama sentimita ishirini hivi. Nondo iliyosimama wima huionyesha sahani kichwa chake tu, kipande kisichozidi upana wa kidole gumba, kwa hiyo kwa mashine ya ufukweni nayo haisikiki mbali.

Hapo inaingia habari ya kina. Baba yako alipopimiwa, kichwa cha bikoni kilikuwa usawa wa ardhi au kimechomoza kidogo. Tangu hapo udongo umehama. Mvua ya masika inateremsha udongo mwekundu, watu wamemwaga kifusi, ua wa michongoma umedondosha majani miaka na miaka yakawa udongo, na jirani naye labda amesawazisha upande wake. Bikoni inaweza kuwa chini futi nzima na bado imesimama palepale. Kama mashine yako inasikia nondo kwa sentimita kumi na tano, na bikoni iko thelathini, utapita juu yake kwa mpangilio ulio sahihi kabisa na hutasikia lolote. Dawa yake si mashine ya bei. Ni jembe: kwangua safu ya sentimita kumi, pita tena, kwangua, pita tena. Lakini ukiamua kukwangua lazima ujue unakwangua wapi, la sivyo utalima kona nzima.

Kwa hiyo futi kamba inatangulia mashine. Chukua ile ramani ya upimaji inayoambatana na hati ya kiwanja. Humo urefu wa kila upande umeandikwa, na mielekeo kwa digrii. Hamsini kwa mia ni lugha ya madalali, wanahesabu kwa futi. Kwenye ramani utakuta mita, na kama kiwanja ni hamsini kwa mia kamili utasoma 15.24 kwa 30.48. Yako inaweza kuwa tofauti kidogo, fuata ramani yako.

Anza kwa kupima kati ya bikoni mbili za barabarani. Usiruke hatua hii. Ikiwa ramani inasema 15.24 na wewe unapata 15.22 au 15.26, endelea kwa amani, futi kamba ya dukani haina usahihi wa zaidi ya hapo. Ukipata 15.90, simama. Maana yake moja kati ya hizo mbili imeshasogezwa, na kila utakachopima kutoka hapo kitabeba kosa hilo mpaka nyuma. Bikoni za barabarani husumbuliwa sana: greda linapita, mtu anachimba mtaro wa maji, mwingine anajenga ngazi ya duka.

Zikikubaliana, tafuta kona ya nyuma kwa njia mbili pamoja. Mtu mmoja ashike mwanzo wa futi kamba kwenye bikoni ya upande uleule, wewe uvute 30.48 kwenda nyuma na uchore upinde chini kwa kijiti. Kisha ahamie bikoni ya barabarani ya upande wa pili, uvute mshazari, na uchore upinde mwingine. Kwa kiwanja cha mstatili cha vipimo hivyo mshazari ni 34.08. Pale pinde mbili zinapokatana ndipo kona ilipo kwa mujibu wa karatasi. Kama kiwanja chako si mstatili kamili, na vingi vya Utange vimepinda kufuata njia, mshazari utakuwa namba nyingine. Mwombe mwanafunzi wa sekondari mwenye kikokotoo akufanyie kutoka digrii za ramani. Kamba ivutwe ikaze na ishikwe usawa hata kama ardhi inateremka, maana ramani hupima umbali wa bapa, haipimi mteremko. Ukiilaza juu ya mtelemko utafika pungufu ya kona.

Najua mtu atakwambia uache usumbufu huo utumie simu. Simu hukosea mita kadhaa, na chini ya mwembe au karibu na ghorofa hukosea zaidi. Mita tatu katika mgogoro wa ukuta ni chumba kizima. Kuna na mtego mwingine. Ramani nyingi za upimaji nchini zimetumia mfumo wa zamani wa viwianishi uitwao Arc 1960, na simu inatumia mfumo mwingine wa dunia nzima. Ukichukua namba za ramani ukaziingiza kwenye simu hivihivi, itakupeleka karibu mita 300 kutoka mahali penyewe. Unaweza kuchimba shamba la mtu mwingine ukiwa na uhakika wote.

Ukishapata makutano ya pinde, piga vigingi vinne vya mti na uzungushe uzi kupata mraba wa mita mbili kwa mbili, makutano yakiwa katikati. Ndani ya mraba huo tu ndimo mashine ifanye kazi. Kwanza safisha juu: okota vizibo, misumari, vipande vya bati na seng'enge ya ua wa zamani. Weka simu na funguo mbali, vua buti kama lina chuma mbele, na jembe lisilazwe karibu na mtu anayepitisha sahani. Tazama pia jirani ameweka nini. Kama ameshaleta nondo zake za msingi akazirundika pembeni, au kuna mabati ya kuzungushia eneo, mashine italia kwa vitu hivyo kutoka mita moja na zaidi, na kijana akichoka na kelele atapunguza usikivu mpaka isisikie kitu. Mwombeni jirani azisogeze. Nyaya za stima zinazopita juu nazo hufanya mashine itetemeke. Ikitokea hivyo punguza usikivu kidogo au badilisha masafa (frikwensi) kama mashine inaruhusu.

Udongo wenyewe una usemi. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ndio uliolisha kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu 1954, na mwamba huo hauna chuma cha kutaja, mashine juu yake hutulia. Lakini ule udongo mwekundu uliojilaza juu yake rangi yake ni ya kutu ya chuma, na mashine isiyosawazishwa huusikia kama mlio wa mbali usiokoma. Kusawazisha ni rahisi: tafuta mahali pasipo na metali, shusha na kupandisha sahani kutoka goti mpaka karibu na ardhi huku kitufe cha kusawazisha kimeshikwa, mpaka sauti isibadilike. Fanya hivyo ndani ya kiwanja chako, usifanye barabarani kwenye kifusi. (Msomaji mwenye kiwanja cha ufukweni, tatizo lako ni jingine. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi, na mashine nyingi huuchukulia kama metali. Subiri maji yakipwa na mchanga ukauke juu, au tafuta mashine ya aina inayopiga umeme kwa mapigo, ambayo haihangaishwi sana na chumvi.)

Sasa pitisha. Sahani ikae sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, bapa, kutoka mwanzo wa mkupuo mpaka mwisho. Wengi wakifika mwisho wa mkono huinua sahani kama anayefyeka nyasi, na pale pembeni ndipo wanaporuka kitu. Kila mkupuo ufunike nusu ya uliotangulia. Polepole. Ikilia, geuka robo duara upite tena kwa kukata njia ya kwanza. Sauti fupi kali inayotokea mahali palepale kwa pande zote mbili ni kitu kidogo au kilichosimama, na hicho ndicho unachokitaka. Sauti inayorefuka upande mmoja na kukatika upande mwingine ni waya au bomba lililolala. Kisha inua sahani. Kizibo cha soda kilicho juujuu hupotea mara moja. Kitu kikubwa kilicho chini hufifia taratibu.

Bomba nalitaja kwa sababu. Kama mlio umejipanga kwa mstari unaoelekea mita ya maji au nguzo ya stima, acha. Usichimbe hapo kwa sururu.

Mkipata mlio mzuri karibu na makutano, msichimbe juu yake. Chimbeni pembeni, kiganja kizima kutoka kwenye mlio, kwa mwiko wa fundi au kwa mikono, kisha mwondoe udongo kuelekea katikati. Bikoni nzima utaijua: kwanza utagusa saruji, bonge la ukubwa wa ngumi mbili au zaidi, kijivu lililochafuka, na katikati yake kichwa cha nondo kilichokula kutu na mviringo wa rangi ya chungwa ukiwa umeingia kwenye saruji kukizunguka. Ule mviringo wa kutu ni kitu cha thamani. Hauwezi kutokea kwa nondo iliyochomekwa wiki iliyopita. Mtu akikuonyesha «bikoni» yenye saruji nyeupe safi na nondo inayong'aa, mwambie asante na uendelee na kazi yako.

Ukiikuta imeinama, iache imeinama. Usiinyooshe, usiitikise kuona kama imeshika, na usiing'oe kwa sababu yoyote. Kusogeza au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai, na sheria haiangalii kwamba wewe ndiwe mwenye kiwanja. Piga picha pande zote, pima umbali wake mpaka vitu viwili visivyohama, mfano kona ya nyumba na shina la mwembe, andika, halafu irudishie udongo laini juu. Ukimwita jirani aangalie mkiwa mnafukua, bora zaidi. Kitu kilichofukuliwa mbele yake hawezi kusema umekipanda usiku.

Inawezekana pia mkafanya yote haya vizuri na msipate kitu. Hapo ndipo maneno ya jirani yanaweza kuwa na chembe ya kweli, lakini si ile anayoidhani.

Inawezekana nondo imeng'olewa. Chuma chakavu kina soko, na kipande cha nondo kwenye kona isiyo na mtu ni pesa ya chai. Lakini mng'oaji hachukui saruji. Tafuta bonge lenye shimo la duara lililojaa kutu. Mara nyingine ameikata kwa msumeno, na kisiki kilichobaki ndani bado mashine itakisikia.

Inawezekana bikoni haikuwahi kuwekwa. Viwanja vingi vya Kisauni na Likoni viligawanywa na dalali kwa hatua za miguu, akapiga vigingi vya mti au akapaka rangi jiwe la tumbawe, wanunuzi wakapewa karatasi ya mauziano. Kigingi kimeliwa na mchwa zamani. Hakuna mashine duniani itakayokisikia. Kuna pia ardhi ambazo usajili wake unafuata mipaka ya jumla, ua na njia, bila kona za nondo kabisa. Mgogoro wa hizo huamuliwa na msajili wa ardhi kwa kutazama ramani ya eneo na kufika mahali. Na kuna ule utaratibu wetu wa Mombasa wa nyumba bila ardhi, mtu akamiliki nyumba na kumlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Wewe umesema bikoni za barabarani zipo, kwa hiyo bila shaka kiwanja chako kilipimwa, lakini toa hati uisome kabla ya kumwaga pesa.

Na inawezekana ukuta au choo cha mtu kimeshakaa juu yake. Saruji peke yake haizuii mashine, lakini nondo zilizo ndani ya msingi huifunika sauti ya bikoni kabisa.

Umeuliza kuhusu kununua mashine nzuri zaidi. Usinunue. Wapima ardhi kwa kazi hii mara nyingi hutumia kifaa kingine kabisa, fimbo yenye vihisi viwili vya sumaku vilivyoachana kama nusu mita. Haipeleki chochote ardhini, inalinganisha tu nguvu ya sumaku juu na chini ya fimbo, na penye chuma hizo mbili hutofautiana. Haisikii shaba, haisikii kopo la alumini, haisikii sarafu yako. Inasikia chuma na jamaa zake, na nondo iliyosimama huisikia kwa kina kikubwa kuliko mashine ya ufukweni. Kwa kona mbili za kiwanja kimoja haina maana uinunue, mpimaji atakuja nayo.

Kile kifimbo cha askari wa lango la supamaketi hakifai hata kidogo. Kimetengenezwa kusikia kisu kwenye nguo, kwa umbali wa sentimita chache.

Na jihadhari na vile vyenye antena mbili vinavyogeuka mkononi, vinavyouzwa kwa ahadi ya kuonyesha dhahabu iliyo mita mia mbali, almasi, hata maiti. Havina kitu ndani. Uingereza kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye James McCormick aliyeuza kifaa cha namna hiyo, ADE 651, kwa serikali ya Iraq kama kitambua mabomu. Kilitokana na mchezo wa kutafutia mipira ya gofu iliyopotea. Askari walisimama nacho kwenye vizuizi vya barabarani Baghdad wakipitisha magari. Mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Kama serikali iliuziwa antena tupu, muuzaji wa Mwembe Tayari hatashindwa kukuuzia wewe.

Tukirudi kwenye sarafu, ikiwa ina maandishi ya East Africa ni ya enzi za shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza miaka ya 1920. Zilikuwapo za senti moja, tano na kumi zenye tundu. Weka, ni yako, haina thamani ya kukupa presha. Lakini mkiendelea kufukua, jua mpaka ulipo kisheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Pesa ya shaba ya Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, yenye picha ya mizani, iliyoandikwa Mombasa na mwaka 1888, inaingia humo. Mtu akikuta kitu cha namna hiyo anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, na kwetu hapa mlango wa karibu ni Fort Jesus. Kuchimba kwa makusudi ya kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa. Mwambie hilo na kijana wako, maana anayeanza na pete za Pirates kesho atasikia habari za magofu ya Jumba la Mtwana.

Sasa la jirani. Hata ukiipata bikoni na mviringo wake wa kutu, wewe na mimi hatuna mamlaka ya kusema huu ndio mpaka. Anayethibitisha ni mpima ardhi mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, kwa kulinganisha alichokikuta ardhini na kumbukumbu za upimaji wa awali. Kona iliyopotea yeye ndiye atakayeirudisha. Usimruhusu mwanafunzi wake, dalali au fundi wa ukuta akuwekee nondo mpya «kwa muda». Ya muda hiyo ndiyo itakayokutesa mahakamani.

Mwandikie jirani barua fupi leo, ukimwomba asichimbe msingi mpaka mpimaji afike, na nakala umpe mzee wa mtaa na chifu. Mwambie wazi kwamba mpimaji atakuja siku ambayo yeye pia atakuwepo. Pendekeza mgawane gharama, kwa sababu mstari ni mmoja na yeye ndiye mwenye haraka ya ukuta. Akikataa kugawana, lipia mwenyewe. Ni rahisi kuliko kuubomoa ukuta uliokwisha kupakwa lipu.

Unapompigia mpimaji, uwe na namba ya kiwanja, nakala ya hati na ramani yake, vipimo vyako vya kati ya bikoni za barabarani, na picha za mlichokikuta au mlichokosa. Ukimpa hivyo mapema, ataanza kwa kutoa kumbukumbu ofisini kabla ya kuja Utange, na gharama yako itapungua. Mwulize namba ya leseni yake na uihakikishe kwa Bodi ya Wapima Ardhi kabla ya kutuma malipo ya awali.